Mwenzi Hajulikani Alipo: Utaratibu wa Kufungua Shauri la Talaka

Katika meza za msaada wa kisheria, iwe ni Wiki ya Sheria au Kampeni ya Mama Samia imefika wilayani, swali hili halikosekani: mume aliaga anakwenda machimboni Chunya, simu ikazimwa, miaka ikapita. Nitapataje talaka na wa kumshtaki simwoni? Utaipata, ilimradi ufuate utaratibu. Maelezo haya ni ya jumla na yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina taratibu zake.

Kwanza hili, maana tumelirudia hadi tumechoka: hakuna ndoa inayojifia yenyewe. Si kwa miaka mitatu, si kwa mitano, si kwa barua ya mtendaji wala kiapo kilichogongwa muhuri wa wakili. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ndoa hapa nchini huisha kwa kifo au kwa amri ya mahakama.

Miaka mitatu mnayoisikia imo kifungu cha 107: kutelekezwa kwa makusudi kwa muda usiopungua huo ni ushahidi ambao mahakama inaweza kuupokea kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Mitano ni ya kifungu cha 161, dhana ya kifo, yaani kumchukulia kuwa amekufa mtu ambaye hata waliotarajiwa kupata habari zake hawajazisikia. Hilo ni ombi jingine kabisa.

Kwa kawaida talaka hutanguliwa na Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ambalo likishindwa kupatanisha hutoa Fomu Na. 3, yaani hati ya kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana. Kifungu cha 101 kinamwondolea sharti hilo aliyetelekezwa na asiyejua mwenzake alipo. Kwa hiyo baraza lisikuzungushe miezi likimwita mtu asiyepatikana. Nawe usidhani kusamehewa baraza ni kusamehewa ushahidi.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Kublokiwa WhatsApp si kutojua mtu alipo. Mume anayemtumia mama yake hela kwa M-Pesa kila mwezi anajulikana alipo. Kaulize huko ukweni. Aliye Muscat, na anwani yake unayo, anaangukia msamaha mwingine: wa anayeishi nje na asiyetarajiwa kuingia nchini ndani ya miezi sita tangu shauri lifunguliwe. Huyo anapelekewa wito hukohuko. Mahakama itataka kuona ulivyotafuta: ndugu gani uliwauliza, mwajiri wa mwisho alijibu nini, barua ya mwenyekiti wa mtaa alioishi, taarifa ya polisi kama uliripoti. Andika tarehe na majina. "Nimemtafuta kila mahali" haimsaidii hakimu.

Shauri hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Ndoa isiyotimiza miaka miwili inahitaji kwanza ruhusa ya mahakama. Wito hutolewa kama kawaida. Mpeleka wito akirejea na kiapo kwamba hakumpata mhusika, ndipo unaomba njia mbadala: wito kubandikwa mahakamani na kwenye nyumba aliyoishi mara ya mwisho, au kutangazwa gazetini. Tangazo unalilipia wewe. Tunza gazeti zima, si kipande ulichokata kwa mkasi, kwa sababu tarehe ndiyo inayotafutwa. Asipotokea, shauri linasikilizwa upande mmoja, na bado utathibitisha madai yako. Kimya chake si kukiri.

Wapo wanaotaja anwani ya uongo ili wito upotee. Uamuzi wa namna hiyo unaweza kutenguliwa mwenzi akijitokeza, na uongo chini ya kiapo ni kosa lenye kifungo cha hadi miaka 7. Mwanamke anayefunga ndoa nyingine kabla ya talaka naye anatenda jinai, pamoja na mwanamume anayemwoa huku akijua.

Mgawanyo wa mali na malezi ya watoto yaombwe katika shauri hilohilo. Talaka ikitolewa, chukua nakala ya amri iliyothibitishwa na mahakama uipeleke RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) isajiliwe. Watu wengi huikumbuka siku wanapotaka kufunga ndoa nyingine, mahari imeshapokelewa.