"Hiyo ni pamoja na daraja?" Nani anapanga tozo, na mpaka lini

Ukimsimamisha bodaboda pale Kurasini, Dar es Salaam, na kumwambia akupeleke Kibada, ng'ambo ya daraja la kulipia, mtapatana nauli, kisha kabla hujapanda atakuuliza: "Mama, hiyo ni pamoja na daraja?" Nimeulizwa hivyo mara nyingi, na kila mara hujibu kwamba daraja ni juu yangu, naye huipokea ile sarafu mapema na kuishika kiganjani, ili akifika kwenye kibanda cha malipo asicheleweshe foleni. Ndani ya swali hilo dogo limo jambo ambalo sisi tunaoandika sheria tumelijadili miaka mingi: mtu anayetambuliwa na kanuni kuwa mlipaji ni mwenye chombo, lakini mtu ambaye fedha inamtoka ni abiria, na nyuma ya abiria yupo mnunuzi wa mchicha, wa saruji na wa gesi vilivyovushwa asubuhi ile.

Daraja la Nyerere, ambalo wengi tunaliita Daraja la Kigamboni, lilizinduliwa na Rais John Magufuli tarehe 19 Aprili 2016. Lina urefu wa mita 680, na lilijengwa kwa gharama iliyozidi shilingi bilioni 200, ambapo Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ulibeba asilimia 60 na Serikali asilimia 40. Mgawanyo huo ndio mzizi wa tozo yake. Fedha za NSSF ni michango ya wafanyakazi, na mwanachama aliyechangia akiwa kiwandani Morogoro au mgodini Geita hana sababu ya kugharamia safari ya mkazi wa Kigamboni bila fedha yake kurudi pamoja na faida. Hoja hiyo ya Serikali ni nzito, na anayeipuuza hatendi haki.

Lakini hoja ya upande wa pili nayo ni nzito. Marehemu Dkt. Faustine Ndugulile, aliyeliwakilisha jimbo la Kigamboni hadi alipofariki Novemba 2024, aliirudia bungeni kikao baada ya kikao: kwa nini mwananchi wa Kigamboni alipie daraja wakati wananchi wa kwingine wanavuka madaraja ya umma bila kulipa? Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022 kando ya bahari upande wa pili wa jiji hilo hilo, lilijengwa kwa mkopo kutoka Korea Kusini, na anayelipita halipi hata senti. Daraja la Kigongo–Busisi katika Ziwa Victoria, lenye urefu wa kilomita tatu na lililozinduliwa Juni 2025, limegharamiwa na Hazina. Mkopo wa Korea unalipwa kwa kodi za Watanzania wote, na fedha za Hazina ni za wote vilevile, akiwemo yule yule mkazi wa Kigamboni. Kwa hiyo yeye anachangia madaraja ya wenzake kupitia kodi, kisha analipia la kwake taslimu. Tofauti hiyo haikutokana na uamuzi wa Bunge kwamba daraja hili listahili tozo na lile lisistahili. Ilitokana na mfuko ambao fedha ilitoka siku mradi ulipoanza.

Mwaka 2022 Serikali ilipunguza viwango, na pikipiki ikashuka kutoka shilingi 600 hadi 300. Ulikuwa unafuu wa kweli kwa wanaovuka mara nne kwa siku, nami niliupokea kwa furaha. Hata hivyo, mjadala uliotangulia unafuu huo ulionyesha udhaifu ninaoutaka usomwe kwa makini: karibu kila aliyesimama alizungumzia kiwango, na ni wachache waliouliza ni sheria ipi inayosema tozo ipangwe na nani, kwa kigezo gani, na ikome lini.

Mbunge anayetaka kulibadilisha jambo hili ana njia gani? Anaweza kuuliza swali la msingi na la nyongeza. Anaweza, wakati wa bajeti ya Wizara ya Ujenzi, kushika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani kuipinga bajeti yake kwa ishara, mpaka apate maelezo, na mara nyingi huishia kuiachia baada ya ahadi. Akiamua kuleta muswada binafsi, anakutana na Ibara ya 99 ya Katiba. Ibara hiyo inazuia Bunge kushughulikia muswada unaotoza kodi, au unaoagiza malipo kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali, isipokuwa mapendekezo yawe yametoka kwa Rais na kuwasilishwa na Waziri. Imeacha upenyo mmoja, nao ni kwamba kupunguza kodi hakukukatazwa. Tatizo ni kwamba ukiifuta tozo ya Kigamboni bila kuwafidia wanachama wa NSSF umewanyang'anya, na ukiamua kuwafidia umegusa Mfuko Mkuu, ambako mbunge wa kawaida hana ufunguo. Ndiyo maana hoja ya kuifuta imekuwa ikirudi bungeni kama ombi, wala haiji kama muswada.

Liko pia suala la maneno. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu, na hilo ni jambo la heshima kubwa ambalo baadhi yetu tulilisubiri kwa miaka. Kazi ya kuzifasiri sheria za zamani imetufunulia kwamba neno "tozo" tumelibebesha mizigo mingi mno. Kile kinachokatwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli chini ya Sura ya 220, yaani Sheria ya Tozo za Barabara na Mafuta yenye asili yake mwaka 1985, tunakiita tozo. Makato ya miamala ya simu yaliyoleta kilio mwaka 2021 tuliyaita tozo. Malipo ya kuvuka daraja, tozo. Kisheria, ya kwanza na ya pili ni kodi kwa sura zote, kwa kuwa mlipaji hapewi huduma mahususi mkononi. Ya tatu ni malipo ya huduma anayoichagua mtu, na inapaswa kupimwa kwa gharama ya huduma hiyo. Mwananchi aliyeumizwa na makato ya simu anaposikia tozo ya barabara huviona kuwa kitu kimoja, na simlaumu, kwa sababu sheria yenyewe haijamtenganishia. Mimi ningependa malipo ya kutumia barabara au daraja yaitwe "ada ya matumizi ya njia", na yafafanuliwe hivyo katika kifungu cha tafsiri.

Upungufu wa ufafanuzi huo unauma zaidi ukikumbuka kwamba mwenye gari tayari analipia barabara. Marekebisho ya Sura hiyo ya 220 ya mwaka 1998, yaliyoanzisha Mfuko wa Barabara, yalielekeza sehemu kubwa ya fedha za mafuta kwenye matengenezo. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na nyongeza ya ushuru kwenye mafuta. Mwaka 2021 ziliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya wakala wake, TARURA, na mwaka 2023 zikaongezwa 100 nyingine kwa miradi ya kimkakati.

Haya yote yatarudi mezani kwa uzito zaidi na mradi wa barabara ya haraka ya Kibaha–Chalinze–Morogoro, kilomita 205, uliopangwa kujengwa kwa ubia na sekta binafsi na kurejesha gharama kwa malipo ya watumiaji. Dereva anayetoka Kimara leo anapita njia nane kwa kilomita 19.2 hadi Kibaha, zilizojengwa kwa fedha za ndani, bila kulipa. Akifika Kibaha atatakiwa kuchagua kati ya barabara mpya ya kulipia na ile ya zamani. Sheria ya Ubia ya mwaka 2010, Sura ya 103, imekwisha kurekebishwa mara kadhaa, ikiwemo mwaka 2014, 2018 na 2023. Mabadiliko hayo yaligusa idhini za miradi na pia utatuzi wa migogoro, kiasi kwamba milango iliyofungwa mwaka 2018 kwa usuluhishi wa nje ya nchi ilifunguliwa tena mwaka 2023. Mwekezaji alisikilizwa. Sasa ni zamu ya anayelipa kibandani.

Jambo linalonisumbua kuliko yote ni mkataba. Mwaka 2017 Bunge lilitunga sheria ya kujipatia uwezo wa kuipitia mikataba ya maliasili yenye masharti hasi. Barabara si maliasili, hivyo haimo. Juni 2023 Bunge lilijadili makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai, lakini yale yalikuwa makubaliano baina ya serikali mbili, ambayo Katiba inataka yaridhiwe. Mkataba wa barabara kati ya wizara na kampuni hauingii kwa mlango wowote kati ya hiyo miwili. Jirani zetu wa Kenya wana Nairobi Expressway, kilomita 27.1 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyoanza kutumika mwaka 2022 chini ya mkataba wa miaka 27. Viwango vyake vilipandishwa mwanzoni mwa 2024, na madereva wengi walijifunza siku hiyo kwamba thamani ya shilingi dhidi ya dola ilikuwa ndani ya hesabu tangu awali. Kanuni ya kupandisha kiwango huzaliwa siku mkataba unaposainiwa, na mbunge anayeisubiri kwenye Gazeti la Serikali amechelewa.

Kamati ya Sheria Ndogo inaweza kusaidia, kwa kuwa kanuni za Waziri hulazimika kuwekwa mezani bungeni na Bunge linaweza kuzitengua. Lakini kamati hiyo huona kanuni ikiwa imekwisha kuanza kutumika, na haina mkataba wa kuilinganisha nao.

Nimewahi kukaa alasiri nzima na wenzangu juu ya jedwali la marekebisho la kifungu kimoja, tukibishania neno moja. Rasimu ilisema "Waziri anaweza kutangaza". Mwenzangu akapendekeza "Waziri atatangaza". Nikamwomba aisome kwa sauti, na wote tukasikia kasoro: kwa Kiswahili "atatangaza" ni habari ya kesho, inaweza kuwa ahadi, inaweza kuwa utabiri. Wajibu hausikiki humo. Tulimaliza jioni, kahawa imepoa, kwa "Waziri atalazimika kutangaza".

Kwa hiyo ningeandika hivi, katika Sura ya 103 na katika sheria yoyote itakayoruhusu malipo ya njia. Hakuna ada ya matumizi ya njia itakayotozwa mahali ambapo mwananchi hana njia nyingine ya umma inayopitika na kutunzwa. Mkataba, pamoja na kanuni ya kukokotoa kiwango, utalazimika kuwekwa mezani bungeni kabla ya kusainiwa. Kila mwaka, kabla ya bajeti ya wizara, Waziri atalazimika kuwasilisha hesabu ya fedha zilizokusanywa, zilizotumika kwa matengenezo, na deni lililobaki. Na siku deni hilo litakapomalizika ada itakoma yenyewe, bila kusubiri kanuni mpya, na kiasi chochote kitakachokusanywa baada ya siku hiyo kitahesabiwa kuwa fedha ya mlipaji iliyopokelewa bila idhini ya sheria.