ADD, ADHD na aina zake: maswali ya wazazi

Daktari mmoja ameandika ADD, mwingine ADHD. Mwanangu ana maradhi mawili?

La, ni hali moja: mtoto hushindwa kuzingatia, au huwa na utukutu na pupa kupita kiasi, au yote mawili. ADD ni jina la 1980, lilipotolewa na mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani. Mwaka 1987 likabadilishwa kuwa ADHD. Anayeandika ADD siku hizi kwa kawaida anamaanisha mtoto ambaye mwili umetulia ila mawazo hayatulii. Ukiona F90 au 6A05, hizo ni namba za hali hii katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la zamani na jipya.

Aina ni ngapi?

Tatu: ya kutozingatia, ya utukutu na pupa, na ya mchanganyiko. Tangu 2013 mwongozo huo hauziiti aina tena, kwa kuwa mtoto hubadilika. Anayeparamia madirisha akiwa na miaka 6 huenda akiwa na 16 anakaa kitini vizuri, lakini insha haimaliziki.

Kila upande, wa kutozingatia na wa utukutu na pupa, una dalili 9. Mtoto huhitaji 6 za upande mmoja. Kuanzia miaka 17 zinatosha 5. Ziwe zimedumu miezi 6, baadhi zilionekana kabla ya miaka 12, na zijitokeze mahali pawili au zaidi. Anayesumbua nyumbani tu, ilhali shuleni na chuoni (madrasa) ametulia, chunguzeni kwanza mambo ya nyumbani.

Binti yangu hana fujo. Mbona mwalimu ataka apimwe?

Mwalimu huyo ashukuriwe. Darasa likijaa, anayeonekana ni mwenye kelele. Huyu wa kimya hupita hadi mitihani imshinde. Hupoteza penseli, husahau alichotumwa dukani, huruka maswali anayoyajua. Lakini kwanza apimwe macho na masikio, na mseme kama hukoroma usiku. Akikatika ghafla katikati ya neno kwa sekunde chache, asisikie hata akiguswa, huenda ni kifafa cha kuzubaa, na matibabu yake ni mengine kabisa.

Kuna kipimo cha damu?

Hakuna, wala picha ya kichwa haitoi jibu. Mkienda Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, au kliniki nyingine, bebeni ripoti za shule za miaka iliyopita, na maelezo ya mwalimu na ya ustadhi wa chuo. Kila mmoja aandike peke yake. Wakiandika pamoja, mmoja humfuata mwenzake.

Ni malezi mabaya?

Sio. Hali hii hurithiwa sana, kwa hivyo baba akiulizwa alivyokuwa shuleni, asijitie aibu, aseme kweli.