Hardwick Hall: yanayosemwa na yaliyomo ukutani

Kilimani huko Derbyshire, Uingereza, kuna jumba la mawe lenye minara sita. Aliyelijenga ni Elizabeth, mke wa kabaila George Talbot wa Shrewsbury, anayejulikana zaidi kama Bess wa Hardwick. Madaftari yake ya hesabu yapo hadi leo, na ukiyasoma huku ukilitazama jengo lenyewe, hadithi nyingi zinazosimuliwa kulihusu hazisimami.

Dhana: Malkia Mary wa Uskoti alifungwa humo.

Mary alikatwa kichwa Februari 1587. Misingi ya jumba hili ilichimbwa mwishoni mwa 1590. Watu huchanganya kwa sababu mume wa Bess ndiye aliyekabidhiwa kumlinda malkia huyo tangu 1569, akamzungusha katika majumba yake mbalimbali, Chatsworth likiwamo. Tena ndani ya Hardwick kuna chumba chenye jina la Mary. Jina la chumba halithibitishi aliyelala humo.

Dhana: Minara ni ya ulinzi.

Anayeogopa mizinga hajengi kuta za vioo. Minara hii ina vyumba. Ule wa kusini ulikuwa wa karamu ndogo: baada ya mlo, wageni walivuka juu ya paa lililoezekwa kwa madini ya risasi kwenda kula vitu vitamu na kutazama mashamba. Herufi kubwa za mawe zilizo kileleni, ES, ni Elizabeth Shrewsbury. Alitaka msafiri aliye mbali ajue mwenye nyumba ni nani.

Dhana: Kila dirisha lina chumba nyuma yake.

Ufundi wa jumba umejificha hapa. Kuna msemo wa zamani kwamba Hardwick ina vioo vingi kuliko ukuta. Sasa, ukuta wa nje ukishajaa vioo, dohani za moshi zipite wapi? Zimeingizwa katika kuta nene za ndani, na kuta hizo ndizo zinazosaidia kubeba sakafu. Madirisha mengine ni ya uongo kabisa: nje kuna kioo, ndani kuna ukuta, ili pande za jengo zilingane.

Madirisha hurefuka kadiri unavyopanda, kwa kuwa dari nazo zinapanda. Chini ni kazi za watumishi, katikati ni makazi ya Bess, na vyumba vya heshima viko juu kabisa, pamoja na ukumbi mrefu wa matembezi wa mita 50 hivi. Ngazi ya mawe inayokufikisha huko inapita taratibu katikati ya nyumba, na hilo lilikusudiwa.

Kioo kipana hakikuwa rahisi kutengeneza wakati huo, kwa hiyo kila dirisha ni vipande vidogo vilivyoshikwa kwa mikanda ya risasi. Miaka ikipita risasi huchoka, dirisha linabonyea au kubinuka kwa upepo, na mvua inapenya. Nondo za kutegemeza zikishika kutu huvimba na kupasua fremu ya jiwe. Ili kulitengeneza, fundi hulishusha lote, huweka alama kwenye kila kipande, hubadilisha mikanda ya risasi, kisha hurudisha kila kioo mahali pake.

Dhana: Magofu ya jirani ni nyumba ya kale iliyobomolewa vitani.

Nyumba hiyo nayo ni ya Bess. Aliianza 1587, na kazi ilikuwa bado haijaisha alipochimba misingi ya hii mpya hatua chache kando yake. Alizitumia zote mbili. Ile ya kwanza ilibomolewa kwa sehemu baadaye, na vita havikuhusika.

Dhana: Msanifu majengo Robert Smythson alilichora jumba, basi ni lake.

Kuna mchoro katika makusanyo yake unaofanana na Hardwick, ndiyo maana wataalamu humpa sifa ya ramani, na ni haki. Lakini hesabu zinataja mikono mingine: Abraham Smith wa nakshi za plasta, Thomas Accres wa marumaru, John Balechouse mchoraji. Aliyeamua na kulipa ni Bess.

Dhana: Tajiri yule hakujali bei.

Alijali sana. Mawe yalitoka machimbo yake mwenyewe chini ya kilima. Alipozinunua tapestri 13 (vitambaa vizito vya picha vya kutundikwa ukutani) za hadithi ya Gideoni wa Biblia, zilizofumwa Flanders, kutoka kwa mrithi wa Sir Christopher Hatton, waziri wa Malkia Elizabeth I, bei ilikuwa pauni 326 na ushei, naye akapunguziwa pauni 5 kwa sababu ingebidi abadilishe nembo za Hatton. Nembo zake zikafunika zile za zamani, na kulungu jike, alama ya Hatton, wakachorewa pembe ili wawe kulungu dume wa ukoo wa Cavendish, ukoo wa mume wake wa pili.

Dhana: Vyumba vina giza kwa sababu ya uzembe.

Mwanga hufifisha rangi na kuozesha nyuzi, na nyuzi iliyooza hairudi. Nguo za kale huhifadhiwa kwa mwanga hafifu wa takriban luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), kwa hiyo mapazia hushushwa hata jua likiwa kali. National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale lililolipokea jumba 1959, ilianza kuzitengeneza tapestri za Gideoni moja baada ya nyingine mwaka 1999. Ya mwisho ilirudi ukutani 2023.