Kumpiga mjamzito mimba ikatoka: je, ni kesi ya mauaji?

Kuanzia Mikindani hadi Nachingwea watu husema kwa uhakika kabisa: ukimpiga mjamzito mimba ikatoka, umeua, unashtakiwa kwa mauaji. Sivyo.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 204, inamhesabu mtoto kuwa mtu anayeweza kuuawa akishatoka kabisa mwilini mwa mama akiwa hai, hata kama hajavuta pumzi wala kukatwa kitovu. Kabla ya hapo kesi ya mauaji haisimami.

Lakini mshambuliaji haponyoki. Kifungu cha 219 kinamhusu anayekusudia kuua mtoto aliye tumboni anayeweza kuzaliwa hai, na adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Ushahidi kwamba mimba ilifikisha wiki 28 unatosha kwa kuanzia kuonyesha kuwa mtoto aliweza kuzaliwa hai. Kigumu ni kusudio: aliyerusha teke kwa hasira atadai alimlenga mama tu. Hapo hubaki kosa la kumjeruhi mama, nalo si dogo.

Kwa hiyo kadi ya kliniki ni ushahidi, itunzeni. Tarehe ya hedhi ya mwisho iliyoandikwa humo ndiyo inayohesabu wiki. Ikikosekana, mabishano huanzia hapo. Matibabu kwanza, iwe hospitali ya Ligula, Mtwara, au zahanati ya jirani. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ijazwe mapema, na mwombeni daktari aandike umri wa mimba, si "majeraha" tu.