Udongo wa bustani ya mtaa ukikutwa na risasi: maswali na majibu

Bustani nyingi za mitaa zimekaa juu ya ardhi iliyowahi kuwa kitu kingine: gereji, dampo, karakana ya betri, nyumba kuukuu zilizobomolewa pamoja na rangi zake. Hapa tunazungumzia risasi, ile metali nzito, kwa kuwa ndiyo inayowaumiza sana watoto wadogo.

Nyasi zimestawi. Udongo utakuwaje na sumu?

Nyasi si kipimo. Risasi haina harufu, haiozi, wala mvua haiishushi kirahisi. Ile iliyotua miaka 50 iliyopita kutoka kwenye moshi wa petroli iliyotiwa risasi au rangi iliyobanduka bado ipo, na nyingi imebaki katika sentimita chache za juu, palepale mtoto anapochezea.

Inaingiaje mwilini?

Kupitia ngozi ni kidogo mno. Njia kuu ni mdomo. Mtazame mtoto wa miaka miwili akishuka kwenye bembea: viganja vimejaa vumbi, anafuta kamasi kwa mkono, kidole kinaingia mdomoni, biskuti iliyoanguka inaokotwa na kuliwa. Utumbo wake hufyonza risasi kwa wingi kuliko wa mtu mzima, na zaidi akiwa na njaa au upungufu wa madini ya chuma. Ubongo unaathirika bila dalili ya kuonekana, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mjamzito naye ajihadhari, kwa sababu risasi hupita hadi kwa mtoto tumboni.

Tupimeje udongo?

Kijiko kimoja kutoka katikati ya uwanja hakisemi kitu. Gawanya bustani kwa matumizi: chini ya bembea, kando ya barabara, penye kuta za zamani, kwenye matuta ya mboga. Katika kila eneo chota sehemu 5 hadi 10 za udongo wa juu, sentimita 2 au 3 tu, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, kisha jaza mfuko mmoja wa maabara. Chukua na sampuli za kina cha sentimita 15 na 30. Hizo ndizo zitakazoonyesha mchimbe hadi wapi. Majibu huja kwa miligramu kwa kilo. Kwa kulinganisha, Januari 2024 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilishusha kiwango cha kuanza kuchunguza udongo wa makazi kutoka 400 hadi 200. Kama kuna mbao za zamani zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, omba wapime na aseniki, sumu nyingine.

Majibu ni mabaya na fedha za kuchimba hazijapatikana. Tufanyeje leo?

Zibeni udongo ulio wazi. Wekeni uzio penye kiwango cha juu, na kwingine mwageni vipande vya mbao unene wa sentimita 15. Watoto wanawe kwa maji na sabuni, maana vitakasa mikono vinaua vijidudu lakini haviondoi risasi. Viatu vivuliwe mlangoni. Watoto waliokuwa wakicheza hapo wapimwe damu: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita.

Kazi ya kuondoa udongo inakwendaje?

Kawaida huondolewa sentimita 30, na 60 panapolimwa mboga. Piga hesabu mapema: mita za mraba 1,000 kwa kina cha sentimita 30 ni mita za ujazo 300, lakini udongo ukichimbuliwa huvimba kwa takriban robo, kwa hiyo mtasomba karibu 375. Kwa lori la mita za ujazo 10 ni safari 38, na kila lori lifunikwe turubai na kuoshwa magurudumu kabla ya kutoka.

Lowanisheni udongo kabla ya kuchimba na wakati wote wa kuchimba. Kuchimba kukavu ndilo kosa linalotutia hofu kuliko yote, kwani vumbi lililokuwa limelala huingia madirishani kwa majirani. Maji yasizidi hadi kutiririka mtaroni. Wafanyakazi wavae barakoa za kuchuja vumbi na wasirudi nyumbani na nguo za kazi. Chini ya miti mikubwa tumieni mikono ili mizizi isikatwe.

Kabla ya kufukia, pimeni sakafu ya shimo. Kama risasi bado ipo, tandikeni kitambaa cha kupitisha maji chenye rangi kali, kama ya machungwa. Wengi hukiruka ili kuokoa fedha. Fundi bomba atakayechimba miaka kumi baadaye atajuaje pa kusimama?

Udongo mpya unatoka wapi?

Popote, ila upimwe kabla haujapakiwa. Bustani imewahi kusafishwa kisha ikajazwa kifusi chenye sumu ileile. Ushindilieni kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, la sivyo utatitia na madimbwi yatatokea. Pandeni nyasi mara moja.

Damu ya watoto itashuka lini?

Chanzo kikiondoka, risasi ya kwenye damu hupungua nusu kwa takriban mwezi mmoja, ila iliyojificha mifupani hutoka polepole kwa miaka. Pimeni tena baada ya miezi mitatu. Isiposhuka, kagueni rangi za nyumbani, sufuria na kazi za wazazi.