Ukipiga hesabu ya AC huku Malindi, hesabu na maji yaliyo hewani

Wengi wetu tulifunzwa hivi: joto mahususi la hewa (kilojuli za kupandisha kilo moja nyuzi moja) ni 1.005, R, yaani namba maalumu ya gesi kwenye fomula, ni 287, tia kwenye fomula umalize. Nambari ziko sawa kabisa, ila ni za hewa kavu, na hapa Malindi hewa kavu utaitoa wapi?

Hio 287 yenyewe watu wanaikariri tu bila kujua inatoka wapi. Hewa kavu ni nitrojeni asilimia 78, oksijeni karibu 21, argoni kama 0.9, na kabonidayoksaidi kidogo sana, sasa ukichukua uzito wa moli (kipimo cha kemia cha idadi ya chembe) wa kila gesi kwa fungu lake unapata 28.97, halafu 8314, namba ya gesi zote, ugawanye kwa hio, ndo 287. Mvuke wa maji moli yake ni 18 tu, kwa hivyo hewa yenye mvuke mwingi ni nyepesi, si nzito kama watu wanavyodhani. Kwenye nyuzi 30 hewa kavu ni kilo 1.165 kwa mita moja ya ujazo, ikiwa na unyevu wa asilimia 80 inashuka mpaka 1.15 hivi. Kidogo sana, kwenye hesabu ya feni wala usijisumbue nayo.

Kwenye joto ndo kuna kazi. Tuseme nje ni nyuzi 30 na unyevu 80, kila kilo ya hewa kavu hapo imebeba gramu 21.6 za maji. Mgeni anataka chumba nyuzi 24, unyevu 50, yaani gramu 9.3. Ukitumia ile 1.005 peke yake, mara nyuzi 6, unapata kilojuli 6 na unaona AC ndogo yatosha. Lakini zile gramu 12 lazima zigeuke maji kwenye koili, ile mirija baridi ya AC, na kila gramu inaachia karibu kilojuli 2.5! Enthalpia, yaani jumla ya joto la hewa pamoja na mvuke wake kwa kila kilo ya hewa kavu, nje ni kilojuli 85, ndani 48, tofauti 37. Themometa inakuonyesha sita tu, zilizobaki zote ni unyevu.

Sasa watu wakisikia hivi wanakimbilia kununua mashine kubwa, na mimi napinga sana hilo, manake mashine kubwa inafika nyuzi 24 haraka, kompresa inazima kabla maji hayajatoka, chumba kinakuwa baridi na shuka bado zina unyevunyevu. Kwanza ziba mianya ya milango na madirisha. Halafu kwenye karatasi ya mashine usiangalie bitiyu (BTU, kipimo cha nguvu ya kupoza) peke yake, tafuta inatoa lita ngapi za maji kwa saa. Chumba cha mita 4 kwa 3, dari mita 3, hewa ya nje ikiingia ikabadilisha yote mara moja kwa saa, ni kama kilo 40 za hewa kavu, zidisha kwa gramu 12.3, nusu lita kila saa, na hapo bado hujahesabu watu waliolala ndani.