Je, wajua binadamu hupiga wenzake zaidi akiwa na umri gani?

Wengi wakiulizwa swali hili hutaja ujana: miaka 17 au 18, damu ikichemka. Richard Tremblay, mtafiti wa Montreal nchini Kanada, alifuatilia watoto wengi kwa miaka mingi akapata jibu jingine kabisa. Kupiga, kuuma, kusukuma na kunyang'anya hufikia kilele mtoto akiwa kati ya miaka 2 na 4. Baada ya hapo, kwa watoto walio wengi, fujo hizo hupungua mwaka hadi mwaka.

Mtazame mtoto wa miaka 2 aliyenyang'anywa mwanasesere wake. Uso unaiva, ngumi zinakunjwa, na meno yanaushukia mkono wowote ulio karibu. Dakika chache baadaye anacheza na yuleyule aliyemuuma. Hakuna aliyemkalisha chini akamfundisha kuuma. Hasira anayo tayari, na meno anayo. Asichokuwa nacho bado ni breki.

Breki hiyo iko sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Ndiyo inayopima matokeo na kuzuia mkono uliokwisha kuinuka, nayo hukomaa polepole sana, hadi mtu avuke miaka 20 na kitu. Amigdala, sehemu ndogo iliyo ndani zaidi inayopiga kengele ya hofu na hasira, hufanya kazi mapema mno. Kwa hiyo mtoto huishi miaka kadhaa akiwa na kengele kali na kizuizi dhaifu. Lugha humsaidia: anayeweza kusema "ni yangu, nirudishie" ana njia nyingine mbali na ngumi. Mzazi anayemtuliza, mwenzake anayekataa kucheza naye akipiga, na kungojea zamu yake siku baada ya siku, vyote humjenga.

Hapo ndipo ninapouona uzito wa jambo lenyewe. Watu hubishana kana kwamba ni lazima kuchagua kati ya "mtoto wa nyoka ni nyoka" na "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo". Mimi naona uwezo wa kushambulia tunakuja nao duniani. Kinachofundishwa ni kujizuia, pamoja na lini, kwa nani na kwa namna gani ukali utoke. Ndiyo maana kumuuliza mzazi "nani kamfundisha mtoto huyu kupiga?" ni kumwonea. Swali la maana ni nani anamsaidia kuacha.

Upande wa kuzaliwa nao usidharauliwe. Mwaka 1959 mwanasayansi Dmitri Belyaev alianzisha jaribio karibu na Novosibirsk, Urusi, la kuzalisha mbweha waliokuwa wakifugwa kwa ajili ya manyoya. Kila kizazi walichaguliwa wale tu wasiomwogopa wala kumng'ata mtu. Baada ya vizazi vichache walizaliwa mbweha wanaotikisa mkia na kulamba mikono ya watu. Baadaye kukawa na ukoo mwingine uliochaguliwa kwa ukali. Msaidizi wake, Lyudmila Trut, aliwahi kuhamisha viinitete, yaani mimba changa, kutoka tumbo la mama mkali kwenda kwa mama mpole, na kinyume chake. Watoto walifuata tabia za waliowatungia mimba, si za waliowabeba na kuwalea.

Binadamu si mbweha, lakini tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti zilizopo kati ya mtu na mtu katika ukali zina uhusiano na vinasaba. Tafadhali tusisome vibaya hapa. Hiyo haina maana kwamba nusu ya hasira ya jirani yako aliirithi. Inahusu tofauti katika kundi la watu, si mgao ndani ya mtu mmoja. Na testosteroni, homoni inayolaumiwa kuliko zote, ina uhusiano hafifu na ukali kwa binadamu. Mara nyingi hupanda kwa sababu mtu ameingia katika mashindano, badala ya kuwa ndiyo iliyomwingiza.

Kurithi na kulelewa pia havikai mbalimbali. Huko Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia watu 1,037 waliozaliwa 1972 na 1973. Mwaka 2002 Avshalom Caspi, Terrie Moffitt na wenzao walichapisha habari za wanaume wa kundi hilo. Waliangalia jeni iitwayo MAOA, inayohusika na kuvunjavunja kemikali za mawasiliano katika ubongo. Wenye aina dhaifu ya jeni hiyo ambao pia waliteswa utotoni walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wakatili ukubwani. Wenye aina hiyohiyo ambao hawakuteswa hawakuonyesha tofauti hiyo. Si kila utafiti uliofuata ulipata jambo lile lile, ila uchambuzi uliozikusanya mwaka 2014 uliunga mkono matokeo hayo kwa wanaume.

Kuhusu kuiga, jaribio linalotajwa sana ni la mwanasaikolojia Albert Bandura, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, 1961, kwa watoto 72. Baadhi walimwona mtu mzima akimtwanga kwa nyundo ya mbao mwanasesere mkubwa wa kujazwa hewa, huku akitoa maneno ya kumshambulia. Kisha watoto walikerwa kidogo kwa kukatazwa vitu vizuri vya kuchezea. Walipoachwa na mwanasesere, waliomwona yule mtu walirudia mapigo yake, na wengine hata maneno yake. Hasira ilikuwa yao wenyewe. Mtindo wa kuitoa ndio waliochukua kwa mtu mzima.

Ushahidi unaonigusa zaidi, hata hivyo, unatoka kwa nyani wa Masai Mara, Kenya. Mtafiti Robert Sapolsky alikuwa akichunguza kundi moja la nyani ambalo baadhi ya madume yake yalizoea kwenda kupigania mabaki ya chakula kwenye jalala la hoteli ya watalii, katika himaya ya kundi jingine. Ilihitaji ubabe kufika huko, basi waliokwenda ni madume wakali. Katikati ya miaka ya 1980 nyama yenye kifua kikuu iliyotupwa jalalani iliwaua. Karibu nusu ya madume wa kundi walitoweka, na waliobaki ni wapole.

Kundi likatulia. Madume wenye cheo waliacha kuwaonea wadogo ovyo, na kuchambuana manyoya kukaongezeka. Hilo lingeweza kuelezwa kirahisi kwa kusema wakali wamekufa. Lakini nyani dume akibalehe huhama kundi alimozaliwa, na kufikia 1993 hapakuwa na dume hata mmoja wa enzi zile. Wote walikuwa wageni kutoka makundi ya kawaida yenye ubabe wa kawaida, na bado utulivu uliendelea. Katika ripoti yao ya 2004, Sapolsky na Lisa Share walieleza kwamba majike, ambao hawahami, waliwapokea wageni mapema zaidi kuliko ilivyo desturi kwingine, wakakaa nao karibu na kuwachambua manyoya. Madume wa ngazi ya chini, ambao kwa kawaida ndio wanaobeba kipigo, hawakuwa na dalili za msongo wa mwili zinazoonekana kwa wenzao wa makundi mengine.